Ukibaguliwa chuoni, shika kalamu kabla ya kushika njia ya ofisini

Malalamiko mengi ya ubaguzi hukwama ilhali ni ya kweli, kwa sababu tu yameandikwa hivi: "Mhadhiri fulani ni mkabila na anatunyanyasa." Nimewahi kuwa mwakilishi wa wanafunzi kwenye kamati ya malalamiko, na hata baada ya hapo wenzangu waliendelea kuniomba niwasindikize ofisini. Barua za namna hiyo nilikuwa naziona zinarudi na jibu lile lile: ushahidi hautoshi. Aliyeandika kaumia kweli, lakini kaandika hukumu, wakati kamati inataka kujua kilichotokea.

Sasa soma maelezo ya dada mmoja niliyemsindikiza. Yeye simtaji, na chuo sikitaji. Aliandika kwamba Jumanne, kipindi cha asubuhi, mhadhiri alipofika kwenye jina lake katika orodha ya mahudhurio alisimama, akauliza, "Nyinyi wa majina haya huwa mnaingiaje kwenye kozi hii?" Darasa likacheka. Dada huyo akawataja kwa majina waliokaa kulia na kushoto kwake. Wiki iliyofuata akaomba kuoneshwa karatasi yake ya mtihani, akaambiwa awatafute "watu wenu" wamsaidie. Neno ubaguzi halimo kwenye ukurasa mzima. Kamati iliposoma, swali likawa mhadhiri ana maelezo gani.

Kwa hiyo andika siku hiyo hiyo, kabla hujamsimulia kila mtu na kumbukumbu ikaanza kujirembesha. Yaandike maneno kama yalivyotamkwa, kwa lugha iliyotumika, hata kama ni matusi. Weka tarehe, saa, mahali na waliokuwepo, kisha jitumie kwa barua pepe ili siku ya kuandika ijulikane. Kama ni kwenye kundi la WhatsApp, piga picha ya skrini inayoonesha mtumaji, muda, na ujumbe uliotangulia na uliofuata. Ukileta kipande kilichokatwa utaambiwa ulikuwa utani. Na usijibu tusi kwa tusi, maana hapo kesi yako inageuzwa kuwa ugomvi wa watu wawili, na ofisi hupenda sana kesi za hivyo kwa sababu huisha kwa kupeana mikono.

Ila matusi ndiyo rahisi. Kigumu ni ubaguzi usio na kelele: umeomba kuongezewa muda wa kazi ukanyimwa, mwenzako mwenye sababu ile ile akapewa, msimamizi wa utafiti husoma rasimu za wengine, yako inalala. Hapa ushahidi ni ulinganisho. Nani alipewa nini, lini, kwa kanuni ipi? Huna haja ya kuthibitisha kilichomo moyoni mwa mtu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1965 wa kutokomeza ubaguzi wa rangi unaangalia lengo au matokeo ya kitendo, na unataja asili ya kitaifa na ya kikabila pamoja na rangi. Anayekuambia "huo ni ukabila tu, si ubaguzi" hajausoma.

Halafu sema unataka nini. Karatasi isahihishwe na mtu mwingine? Ubadilishiwe msimamizi? Uhamishwe chumba, au ahamishwe aliyekubagua? (Ningeanza na yeye.) Barua isiyo na ombi hujibiwa kwa "tutalifanyia kazi."

Utaombwa myamalize kindugu. Kwa mwenzako wa bwenini aliyeropoka mara moja, sawa. Kwa mtu anayekusahihishia mitihani, mimi sishauri. Mkishazungumza ofisini, tuma barua pepe jioni hiyo: "Asante kwa mazungumzo ya leo, nimeelewa kwamba mtanijibu kufikia tarehe fulani." Na kabla hujawasilisha chochote, chapisha alama zako zote za hadi siku hiyo. Zikiporomoka ghafla baadaye, utakuwa na cha kulinganisha.

Nje ya chuo kuna milango mingine, na baadhi ina muda wa mwisho. Marekani, malalamiko kwa Ofisi ya Haki za Kiraia ya Wizara ya Elimu hupelekwa ndani ya siku 180 tangu tukio. Uingereza, dai la mahakamani chini ya Sheria ya Usawa ya 2010 kwa kawaida lina miezi 6 kasoro siku 1. Usidhani hesabu hiyo inasimama kwa kuwa unangoja chuo kimalize. Kenya ipo Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, iliyotokana na sheria ya 2008. Tanzania ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Kuhusu kuzuia, semina za siku moja sizitegemei sana. Nimeona faida zaidi kwenye mambo ya utaratibu: mitihani isahihishwe kwa namba za usajili bila majina, na makundi ya kazi yapangwe na mhadhiri kwa kura. Wanafunzi wakiachiwa kujipanga, wa kwao na wa kwao, anayebaki bila kundi ni yule yule kila muhula.

Na wewe uliyekuwa umekaa kiti cha pembeni, huhitaji kuwa shujaa. Mpe mwenzako karatasi yenye jina lako, tarehe, na maneno uliyoyasikia. Mpe wiki hiyo hiyo, kabla hajakuomba.