Jioni za Westray: jibu langu kwa nyumbani

Mama, shikamoo, shangazi, shikamoo, na nyinyi wadogo zangu, nawasalimu. Tangu niwatumie ile picha ya majabali na bahari mmeniuliza kama ni kweli ilipigwa saa nne usiku, kama siogopi kutembea peke yangu mahali pasipo na mtu, na kama hayo ndiyo maisha ya Ulaya. Mdogo wangu wa kiume ameongeza swali lake: afanye nini ili naye aje. Nimeona nijibu kwa kuandika, kwa sababu kwenye simu salamu humaliza muda kabla hatujafika kwenye maneno yenyewe.

Picha ni ya kweli, ila ni picha ya mwezi Juni. Westray ni kisiwa cha Orkney, kaskazini mwa Scotland, chenye wakazi takriban 600, na kiko mbali na ikweta kiasi kwamba katikati ya mwaka jua huzama karibu saa nne na nusu usiku, na hata likishazama mbingu hubaki na weupe mpaka alfajiri. Kwetu Pemba, swala ya Magharibi huingia karibu wakati ule ule mwaka mzima. Huku katika majira hayo huingia wakati watu wazima wamekwisha kulala, na Isha huiswali kwa ratiba iliyopangwa na wanazuoni, kwa kuwa giza la kweli haliji. Msikiti kisiwani hakuna.

Zamu yangu ya kuhudumia wazee ikiisha mapema, hula kidogo kisha nikafuata barabara inayotoka kijiji cha Pierowall kuelekea magharibi. Hupita gofu la ngome ya Noltland, iliyojengwa katika karne ya 16 na mtu aliyekuwa na maadui wengi, maana kuta zake zimejaa matundu ya kupigia bunduki, kisha njia hupanda kati ya malisho ya ng'ombe na kondoo hadi mnara wa taa wa Noup Head. Mnara huo ulianza kuwaka mwaka 1898 na leo hauna mlinzi, taa hujiwasha yenyewe. Kila nikiufikia hukumbuka mnara wetu wa taa wa Kigomasha kule Pemba, ingawa chini ya ule wetu kuna mchanga mweupe na chini ya huu kuna ukuta wa mwamba unaoshuka mita 70 na zaidi hadi majini.

Mwamba wenyewe umelala tabaka juu ya tabaka, na bahari imeutafuna ukawa na vidaraja vyembamba mithili ya rafu za duka, na katika kila kidaraja kuna ndege. Mnaotaka kujua ninafuata nini huko, nawafuata hao. Kuna ganeti, ndege wakubwa weupe wenye ncha nyeusi za mabawa, walioanza kuzaliana hapa mwaka 2003. Wao hukunja mabawa angani na kujitupa baharini kufuata samaki. Mwaka 2022 homa ya ndege iliwaua wengi sana katika pwani za Scotland. Na kuna gilemoti, ambao hawajengi kiota kabisa. Jike hutaga yai moja tu juu ya jiwe tupu, na kinda akifika umri wa majuma matatu hivi, kabla mabawa yake hayajaweza kuruka, hujirusha kutoka juu hadi baharini. Hufanya hivyo jioni, mwanga unapopungua, ili shakwe wasimwone vizuri. Baba yake humngojea chini majini akimwita, na wakishakutana huondoka pamoja kuelekea bahari kuu, ambako baba ndiye atakayemlisha. Katika jioni za Julai mimi hukaa kwenye majani nikisikiliza wito huo, na nakiri kwamba sijaona jambo jingine katika nchi hii lililonigusa kuliko hilo.

Kuhusu hofu: watu siwaogopi. Mwanamke hutembea hapa peke yake saa tano za usiku, mkulima aliye kwenye trekta humpungia mkono, na hakuna anayemuuliza anakwenda wapi. Sheria ya ardhi ya Scotland ya mwaka 2003 humpa kila mtu haki ya kupita kwa miguu katika mashamba na ufukweni, mradi afunge mageti, asikanyage mazao na asisumbue mifugo. Nikifikiria fukwe za kwetu ambazo mvuvi siku hizi huzungushwa nje ya ukuta wa hoteli, naona haki hii ni utajiri. Ninachokiogopa ni upepo. Ukivuma kwa nguvu siendi, na hata siku tulivu husimama mbali na ukingo, kwa sababu udongo wa juu hulika kwa chini na majani huficha ufa. Kabla ya kutoka humwambia jirani nitarudi saa ngapi. Mama, hilo lisikutie wasiwasi.

Sasa lile ambalo picha haisemi. Mwezi Desemba jua hutoka baada ya saa tatu asubuhi na kuzama kiasi cha saa tisa na robo alasiri. Mtu wa zamu ya mchana anaweza kumaliza juma bila kuliona, na ndege wengi wameshaondoka majabalini tangu Agosti. Dhoruba zikija, feri ya Kirkwall, mji mkuu wa Orkney, huahirishwa na rafu za dukani hupungua bidhaa. Hata katika jioni zile nzuri za Juni, ninapofika kwenye mnara saa nne usiku, kwenu ni saa sita na nyote mmelala. Majirani ni wema kwangu kwa dhati, lakini Kiswahili hakuna wa kukisema naye, kwa hiyo hutembea nikisikiliza sauti zenu mlizorekodi mchana.

Na mwanangu hayupo. Kanuni ya Uingereza iliyoanza 11 Machi 2024 haimruhusu mhudumu wa wazee kuleta mwenza wala watoto, nami niliingia baada ya hapo. Maisha haya yanalipa karo yake na dawa za mama, na jioni zake ni za amani, lakini siwezi kusema kwamba ni maisha kamili wakati mtoto analelewa kwa simu.

Wewe mdogo wangu, mlango nilioingilia, yaani kibali cha kazi ya kuhudumia wazee, ulifungwa 22 Julai 2025 kwa waombaji wapya walio nje ya Uingereza. Anayekuambia ana kibali cha kazi ya wazee cha kukuuzia anakuibia, hata akiwa jamaa yetu. Usitoe hata shilingi kabla hatujazungumza. Nipigie Jumapili baada ya Alasiri ya kwenu, mchana huo huwa nipo nyumbani.