Barua kwa mwanangu: uwaambie au unyamaze?

Mwanangu,

Umeniuliza mawili kwenye meseji moja: ukiitwa usaili wa ile kazi ya stoo, uwaambie una usonji (autism) au unyamaze? Na ukiipata, uhamie chumba chako mwezi huohuo? Nakuandikia ili uweze kurudia kusoma.

Waambie unachohitaji, jina la hali yako liache kwanza. Neno usonji kwa wengi hapa huleta picha ya mtoto asiyezungumza, na msaili akishaipata picha hiyo hasikii tena unavyojua kuhesabu mzigo. Wakikupigia simu, omba wakutumie kwa meseji mahali, saa, jina la utakayemwona, na kama kuna mtihani wa vitendo. Hayo anaomba mtu yeyote. Ukiwa ndani, sema: "Maelekezo ya mdomo yakiwa mengi kwa mpigo hunipotea. Nikipewa dakika ya kuyaandika, siachi hata moja." Umetaja tatizo pamoja na dawa yake. Ukitaja tatizo peke yake, unawaachia wao kazi ya kutafuta dawa, na dawa rahisi kwao ni kumchukua mwingine.

"Hebu tuambie kuhusu wewe" hawaulizi maisha yako. Wanataka ulichosomea, kazi unayoiweza, na kwa nini umeomba hii. Sentensi tatu, basi. Kimya kikifuata, usikijaze.

Jina la hali litaje pale tangazo linapoalika watu wenye ulemavu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 ya hapa Tanzania inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu, ila wawe na sifa za kazi hiyo. Kwa hiyo beba vyeti pamoja na taarifa ya daktari. Taarifa itolee nakala, yenyewe ibaki nyumbani.

Ukishaanza, kitakachokusumbua kuliko mzigo ni maneno yasiyo na kipimo. Bosi akisema "panga vizuri hizo katoni," muulize: "Kwa ukubwa au kwa tarehe ya kuisha muda? Ziwe tayari saa ngapi?" Mara nyingi stoo hutaka zinazoisha muda mapema zikae mbele, lakini usikisie. Andika kwenye daftari la mfukoni, kisha umsomee ulichoandika. Na ratiba ya zamu ikiandikwa "2:00", uliza ni saa mbili asubuhi au saa nane mchana. Aliyeiandika kwa kompyuta na anayeisoma kwa Kiswahili huachana saa sita hapo. Kila mwisho wa mwezi muulize msimamizi kitu kimoja cha kurekebisha. Kabla ya kutimiza miezi 6 kazini, kinga ya sheria dhidi ya kuachishwa isivyo haki haijakufikia, kwa hiyo usingoje waanze kunung'unika.

Daladala uijaribu kabla ya siku ya kwanza, tena siku ya kazi, saa ileile ya kwenda. Msongamano na honi vikikuzidi, geuza na gari: panda likiwa linarudi kituo cha mwanzo, ukae dirishani. Ni nauli mbili, ziingie kwenye hesabu ya mwezi. Nauli kamili iwe mkononi mapema, maana ukiwa umeziba masikio humsikii konda, naye atadhani unamkwepa.

Kuhama, subiri umalize muda wa majaribio. Wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi 3 hadi 6 kwa mpigo. Ukiitoa yote halafu kazi ikakatika, unabaki na chumba bila chakula. Wakati huo fanya mazoezi hapahapa mwezi mzima: nunua umeme wa LUKU kwa mshahara wako, pika chakula cha jioni, fua, uone fedha inaishia tarehe ngapi. Mimi nitakaa pembeni, hata ukiunguza maharage.

Chumba ukikipata, kakione Jumamosi usiku pia. Jumanne asubuhi nyumba yoyote ni tulivu. Muziki wa jirani na foleni ya choo utavijua wikiendi. Uliza kama mita ya umeme ni yako peke yako. Mita ya kuchangia ina ugomvi kila umeme unapoisha, na wewe ugomvi wa kelele hukuchosha siku mbili.

Meseji ya usaili ikifika, nitumie tuisome pamoja.

Mama yako