Jibu: Maelezo ya ioremap na wenzake

Ndugu, nimekuelewa: draiva yako ya Linux inafanya kazi, umetakiwa uandike maelezo ya kernel-doc (maoni rasmi ndani ya msimbo wa keneli, kiini cha Linux) kwa fanksheni zinazogusa memori ya kifaa, na kila ukijaribu unajikuta unarudia jina la fanksheni tu.

Anza na yanayomuumiza mtumiaji. Mstari wa kwanza kuandika uwe "Return:". ioremap, inayoipa draiva anwani ya kufikia memori ya kifaa, ikishindwa hurudisha NULL (pointa tupu), lakini ndugu yake devm_ioremap_resource hurudisha namba ya kosa ndani ya pointa. Ukiikagua kwa NULL, kosa linapita hivi hivi. Hilo lilishanikesha hadi saa nane usiku. Kisha "Context:": sema kama inaweza kulala (kusimama ikisubiri), maana ioremap haiitwi ndani ya intarapti (kifaa kinapokatiza kazi ya prosesa).

Kwa writel, inayoandika kwenye rejista ya kifaa, taja kwamba kwenye PCI (njia ya kuunganisha vifaa na kompyuta) maandishi yanaweza kuchelewa njiani hadi usome rejista ya kifaa hicho hicho. Na readl_relaxed, inayosoma rejista, haihakikishi mpangilio na DMA (kifaa kufikia memori kuu bila kupitia prosesa). Hapo usikisie; muulize msimamizi wa sehemu hiyo ya keneli.

Umbo ni rahisi: fungua kwa /**, kila kigezo kianze na @, halafu endesha make W=1 (kujenga keneli kwa maonyo ya ziada). Ulichosahau itakuonyesha.