Kabla ya kununua hema la Kundelungu, tafuta mwongozaji umuulize habari za maji

Kila mwaka mvua zikikaribia kukatika, vijana wa hapa Lubumbashi huanza kuniandikia: tunataka kwenda Lofoi, kwenye maporomoko ya maji ya Kundelungu, tunataka kutembea na kulala porini siku nne au tano, tununue nini? Swali la kununua ndilo linalotangulia daima, na mimi huliweka pembeni. Kabla ya hema, kabla ya viatu, kabla hata ya kuhesabu pesa, mtafuteni mtu atakayewaongoza, mkae naye chini, mmuulize maji yako wapi mwezi huo. Mengine yote ya safari yatafuata majibu yake.

Hifadhi ya Taifa ya Kundelungu ilianzishwa mwaka 1970, mwaka uleule wa Salonga, Maiko na Kahuzi-Biega. Ukitoka mjini unashika lami ya Likasi, kama kilomita 120, kisha lami inakwisha na vumbi la Mwadingusha linaanza, na kituo cha hifadhi kiko huko mbele, Katwe. Bonde la Lufira lina joto, miombo na majani yanayompita mtu kimo. Juu yake umesimama ukuta wa mlima, na ukishaupanda unatokea kwenye uwanda mpana wenye kimo cha mita 1,600 hadi 1,700 na zaidi. Huku juu majani ni mafupi, miti ni ya kuhesabu, upepo haupumziki. Ndiyo dilungu. Mto Lofoi unazaliwa hukohuko juu, unatambaa polepole juu ya uwanda, ukifika ukingoni unaanguka kwa mruko mmoja wa zaidi ya mita 300. Nchi yetu ina maajabu mengi ambayo watoto wetu wanayaona kwenye simu tu, na hili liko mkoani mwetu wenyewe. Ndiyo maana napenda sana watu waende, na ndiyo maana nataka waende vizuri.

Jambo moja niliseme mapema ili mtu asije akalalamika njiani: msiende Kundelungu mkitarajia makundi ya wanyama kama kwenye filamu. Ujangili umeimaliza mbuga hii kwa miaka mingi. Pundamilia wa porini waliobaki Kongo wako Upemba, jirani yake wa kaskazini. Huku mtakuta nyayo, ndege wengi, swala kwa bahati, na nchi kubwa iliyo kimya. Na kama njiani mtu anawauzia nyama ya pori, hata iwe ya kukaushwa na bei iwe nzuri namna gani, msinunue. Huwezi kulipa kiingilio cha hifadhi asubuhi, halafu jioni ukamlipa anayeimaliza.

Sasa, mwongozaji. Nilipeleka kundi moja la vijana kwa mzee aliyefanya kazi ya ulinzi wa mbuga maisha yake yote. Walikuja na ramani waliyoichapa, wameweka alama za kulala kila baada ya kilomita 20. Mzee aliitazama kwa heshima, akaikunja, akaomba kipande cha mkaa jikoni. Akapiga magoti kwenye sementi ya baraza, akachora mstari wa ukingo wa mlima, kisha vijito kimoja kimoja, kila kimoja na jina lake.

"Papa, kilomita ngapi kutoka hapa mpaka hapa?" kijana mmoja akauliza.

"Kilomita sijue. Ni asubuhi mpaka saa sita, kama hamuna mizigo ya mingi." Akagusa kijito cha tatu. "Hapa mayi iko sasa. Mwezi wa tisa hakuna. Ule atakwambia mulale hapa mwezi wa tisa, haijui njia."

Kisha akaomba aone viatu. Alivichukua vya kila mmoja, akavigeuza, akakunja soli kwa mikono miwili. Viwili akavitenga: kimoja soli yake ilikuwa ngumu kama ubao, kingine gundi ilikuwa imeanza kuachia kwenye ncha. Alimwambia mwenye viatu vipya avivae sokoni, kazini, kanisani, kila siku mpaka siku ya kuondoka.

Huyo ndiye mtu wa kumpa pesa yenu. Mwongozaji anayejibu kila swali kwa "hakuna shida" mwacheni. Muulizeni mtalala wapi usiku wa kwanza na maji ya hapo yako umbali gani. Muulizeni mtu akiumia mguu siku ya pili atashushwa kwa njia ipi, na nani atambeba. Muulizeni saa ngapi anasimamisha safari. Anayejua kazi atasema saa tisa alasiri, kwa sababu mwezi wa sita jua linazama kabla ya saa kumi na mbili jioni, na kuni, maji na hema vyote vinataka mwanga. Muulizeni pia ni lini aliwahi kuwarudisha watu kabla ya kufika. Mwenye kisa cha kusimulia hapo mwaminini zaidi.

Mkishajua vijito, siku zinajipanga zenyewe. Kwenye dilungu, mtu mzima mwenye begi mgongoni akitembea kilomita 12 hadi 15 kwa siku amefanya kazi, na siku ya kupanda ukuta wa mlima hesabu iwe ndogo zaidi. Mwendo upangwe kwa yule anayekwenda polepole kuliko wote, na yeye atembee mbele, nyuma ya mwongozaji, wala asiachwe mkiani. Kundi la watu sita linatosha. Wakizidi, mtakuta wa mbele wamepumzika na kuondoka kabla wa nyuma hawajafika, na hao wa nyuma hawapumziki kamwe.

Kuhusu majira, naongea bila kuzunguka: kati ya nusu ya mwezi wa tano na mwanzo wa mwezi wa saba. Mvua zetu ni kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa nne, na wakati huo njia za bonde la Lufira ni tope tupu. Mwezi wa tano vijito bado vimejaa na Lofoi ina nguvu. Kadiri kiangazi kinavyoendelea mto unapungua, na watu wanaokwenda mwezi wa tisa hukuta uzi mwembamba wa maji unaopeperushwa na upepo kabla haujafika chini. Mwezi wa nane na wa tisa kuna tatizo jingine kubwa, moto. Nyasi za bondeni zikikauka zinawaka haraka kuliko mtu anavyokimbia. Mkilazimika kwenda wakati huo, mwongozaji achague pa kulala palipokwisha kuungua, au pa mawe matupu, na moto wenu wa kupikia uzimwe kwa maji mpaka majivu yashikike kwa mkono.

Ila huo mwezi wa sita una baridi. Mtu wa Katuba au Ruashi, mitaa ya hapa mjini, anadhani anaijua baridi ya mwezi wa sita kwa sababu anatoka asubuhi na koti. Juu kule hakuna ukuta wala jirani, na usiku hewa inakata. Mfuko wa kulalia uwe mzito, na chini yake pawe na godoro jembamba la sponji, kwa maana ardhi ndiyo inayoiba joto. Kofia ya sufu, soksi kavu za kulalia tu. Nguo za kutembelea zisiwe za bluu iliyokolea wala nyeusi, maana mbung'o wanavutwa na rangi hizo na bondeni wapo. Kaki na kijivu ni salama zaidi, mikono mirefu, suruali ndefu.

Ruhusa inatoka ICCN, taasisi ya serikali inayosimamia hifadhi za Kongo. Nendeni ofisini kwao wenyewe, msimtume mtu, na mpate karatasi yenye majina yenu, tarehe na mhuri. Safari nzima mtembee na mlinzi wa hifadhi mwenye silaha, hata kama mwongozaji ni mzaliwa wa huko. Usalama wa sehemu za Katanga ya juu unabadilika, vikundi vyenye silaha vimewahi kupita maeneo haya, kwa hiyo habari ya mwezi uliopita haifai kitu. Ulizeni tena wiki ileile ya kuondoka, mjini na kwenye kituo. Wakisema hapana, ni hapana, hata kama gari limeshalipiwa. Njiani kila mtu awe na kadi ya mpiga kura au pasi, pamoja na nakala mbili. Mgeni abebe visa yake na kadi ya homa ya manjano. Simu zikae mfukoni kwenye madaraja, vizuizi, machimbo na bwawa la Mwadingusha. Picha moja ya daraja inaweza kuwala siku nzima.

Naja kwa wapagazi, na hapa naomba mnisome taratibu, kwa sababu ndipo safari nyingi zinapokosa utu. Vijana wa vijiji vya bondeni watawabebea chakula na mahema. Mapatano yafanyike mbele ya mwongozaji na mkuu wa kijiji, kila kitu kwa idadi: siku za kwenda, siku ya kurudi mikono mitupu nayo inalipwa, chakula ni cha nani, mtu akiugua analipwaje. Mzigo upimwe kwa mizani ya sokoni, ile ya kuning'iniza, siyo kwa macho. Kilimanjaro kikomo cha mzigo wa mpagazi ni kilo 20; kwenye ukuta wa Kundelungu, pasipo na ngazi wala njia iliyochongwa, mimi nasema 15 na vitu vyake mwenyewe vikiwa ndani ya hesabu. Na angalieni wanalalia nini. Nimeona makundi yenye mifuko ya kulalia ya bei kubwa, huku vijana waliobeba mifuko hiyo wakikesha wamekunjamana kando ya moto na kitenge kimoja. Mkodi hema la wapagazi na blanketi nzito kwa kila mmoja, na gharama hiyo iingie kwenye bajeti tangu siku ya kwanza. Kama bajeti haitoshi, punguzeni siku moja ya safari.

Chakula kinunuliwe soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, si dukani. Unga wa bukari (ugali), mchele, maharage yaliyochambuliwa, ndagala (dagaa) wakavu, karanga za kusaga, vitunguu, kabichi, chumvi, sukari, chai. Nyanya hazifiki siku ya pili. Hesabu ya kawaida ni gramu 600 hadi 700 za chakula kikavu kwa mtu kwa siku, na mpagazi mwongezeeni. Biskuti na soseji za kopo ni za kutafuna njiani. Jioni mtu aliyebeba mzigo anataka bukari ya moto na mboga, na nyinyi pia mtaitaka. Maharage yaroweke tangu asubuhi ndani ya chupa yenye mdomo mpana huku mkitembea, yataiva kwa kuni chache.

Maji ya kunywa ni lita tatu hadi nne kwa mtu kila siku. Yachemsheni mpaka yatokote vizuri, au vidonge vya klorini na kungoja nusu saa. Msiogelee bondeni kwenye maji yaliyotuama, kuna kichocho. Dawa ya kuzuia malaria mwanze kabla ya safari kwa ushauri wa daktari, na vyandarua mbebe hata kama juu hamsikii mbu, kwa sababu usiku wa kwanza na wa mwisho mtalala bondeni. Mwenye SS, yaani ugonjwa wa selimundu, aongee na daktari wake kwanza. Baridi na upungufu wa maji mwilini ni vitu viwili vinavyoamsha maumivu, na huku vyote viwili vipo, mbali na hospitali.

Pesa ziwe taslimu. Juu hakuna mtandao, kwa hiyo M-Pesa na Airtel Money hazina kazi. Dola ziwe safi, maana noti yenye tundu dogo inakataliwa mjini, sembuse kijijini. Faranga za noti ndogo ziwe nyingi. Malipo ya wapagazi mpeni kila mtu mkononi mwake, wenzake wakiona, msimpe mmoja awagawie.

Na mtu mmoja wa nyumbani, anayejibu simu, aachiwe karatasi: majina yenu, jina la mwongozaji, vijito mtakavyolala kwa mpangilio, namba ya kituo na ya dereva, na siku ya kurudi. Mwambieni angoje siku moja zaidi ndipo apige simu kituoni. Dereva naye apatane na nyinyi mahali na saa ya kuwachukua kabla hamjashuka garini, kwa maana mkishapanda juu hamtaweza kumpata tena.