Pachi ya draiva inayoanika seriali namba, mimi iliniponza

Mkuu uliyeuliza kuhusu pachi ya draiva (mabadiliko ya kodi unayotakiwa kukagua) inayotoa seriali namba ya bodi kwenye sysfs, yani yale mafaili ya /sys ambayo keneli (kiini cha Linux) inaonyeshea taarifa za vifaa, kwamba kodi ni mistari michache tu na huoni cha kukosoa, hizo fupi ndo za kuogopa. Mimi niliipitisha moja ya hivyo hivyo nikaja kujuta.

Ilikuwa keneli yetu ya kazini, bodi ndogo za kukusanya data. Jamaa kaandika DEVICE_ATTR_RO, ile ya kuunda faili la sysfs la kusoma tu, kodi safi, nikasema pita. Sasa hiyo RO inadanganya watu, mtu akiona ni ya kusoma tu anajua ni salama, kumbe maana yake 0444, yani yeyote mwenye akaunti kwenye mashine anasoma. Miezi imepita nikaingia kwenye bodi moja, nikapiga `sudo -u nobody cat` kwenye lile faili, namba hiyo hapo nzima nzima. Afu kumbe wenzetu wa apu walikuwa wanaitumia kutengenezea paswedi ya kila bodi 😅 nikabana iwe 0400, yani rutu (msimamizi mkuu wa mashine) peke yake ndo asome, apu zikagoma zote, ikabidi nirudishe vilevile mpaka wao wabadilishe kwao kwanza. Ukishawapa watu faili kwenye sysfs, kuwanyang'anya ni kesi nyingine.

Kwahiyo kabla hujagusa kodi muulize mwenye pachi, nani anaihitaji hii namba na ya nini? Akikwambia "huenda ikasaidia", mrudishie. Kama ni huduma inayokimbia kama rutu basi atumie DEVICE_ATTR_ADMIN_RO, hiyo ndo 0400. Kwenye kompyuta yako mwenyewe piga `ls -l /sys/class/dmi/id/` uone, product_name kila mtu anasoma ila product_serial na product_uuid ni rutu peke yake. Atakubishia mbona MAC (anwani ya kadi ya mtandao) iko wazi, kweli iko wazi, ila MAC unaweza kuibadilisha kwa amri moja, namba iliyochomwa ndani ya chipu utaibadilisha na nini? Intel walipoweka namba kwenye Pentium III mwaka 1999 watu walipiga kelele mpaka ikaja kuondolewa, na Android kuanzia 10 apu za kawaida hazipewi tena IMEI wala seriali.

Kitu kingine, na hiki nilikiona kwa bahati tu, angalia anavyoichapisha. Chipu yetu ilikuwa inatoa baiti 16 kamili bila sifuri ya mwisho, jamaa kaweka %s, yani chapa mpaka ukutane na sifuri, basi sysfs_emit (inayoandika kwenye faili) ikawa inasoma inapitiliza mpaka ikutane na sifuri huko mbele, namba inatoka na takataka mkiani. Nilidhani ni terminali yangu inazingua, nikapitisha kwenye hexdump nione baiti moja moja, kumbe zile takataka ni memori ya keneli ya jirani, na faili ni 0444! Tukaweka %.16s, yani isizidi baiti 16, ikaisha.

Halafu hiyo ya kwako faili linaundwa wapi? Kama kaita device_create_file mwishoni mwa probe (pale draiva inapoanzisha kifaa), udev (programu inayoshughulikia vifaa vipya kwa sheria ulizoiwekea) inaweza kufika faili bado halijazaliwa na sheria yake isishike, mwambie aweke kwenye dev_groups, orodha ya mafaili ya draiva, keneli iunde yenyewe. Na kama hajaandika maelezo ya hilo faili kwenye Documentation/ABI, folda ya keneli ya maelezo ya mafaili kama haya, usijisumbue hata kufungua kodi, mwambie akaandike kwanza.