Kabla ya kununua spika ndefu, pima kwanza sebule

Ndugu yetu wa Chumbageni ameuliza kama auze spika zake ndogo za mezani, ambazo amekaa nazo miaka mingi, ili anunue spika ndefu za kusimama sakafuni za daraja la juu. Sebule yake ina urefu wa mita 4, sakafu ni ya vigae, na amplifaya yake ni ya wati 30. Ninamjibu kwa sababu kosa hilo nimewahi kulifanya mimi mwenyewe hapa Tanga.

Spika nilizonunua hazikuwa mbovu hata kidogo. Chumba ndicho kilichozishinda. Nyumbani kwetu husikilizwa sana taarabu ya zamani ya Black Star na Lucky Star, ambayo utamu wake mwingi umo katika gitaa la besi. Uzi mnene kuliko wote wa gitaa hilo, ukipigwa bila kubanwa, hutikisika takribani mara 41 kwa sekunde. Sauti nayo husafiri kiasi cha mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo chumba cha mita 4 huvimbisha chenyewe sauti ya mitikisiko ipatayo 43 kwa sekunde, kwa kuwa wimbi lake huenda na kurudi baina ya kuta mbili likijiongezea nguvu. Hesabu hizo mbili zimekaribiana mno. Kila mpiga besi aliposhuka chini, sebule nzima ilinguruma, vikombe vikagongana kabatini, na sauti ya Bi Shakila ikafunikwa kabisa. Spika ndogo nilizokuwa nazo awali hazikuwa na uwezo wa kushuka hadi huko, ndiyo maana sikuwahi kuujua ugonjwa wa chumba changu.

Niliongeza zulia zito na mapazia. Ukali wa sauti nyembamba ulipungua, lakini besi haikujali. Nilijaza soksi katika matundu ya hewa yaliyo nyuma ya spika (mama watoto alicheka siku nzima), na hapo nikapata nafuu kidogo. Nafuu kubwa ilitokana na kusogeza kochi mbali na ukuta wa nyuma, kwani ngurumo huwa kali zaidi pale ukutani, pamoja na kuzitoa spika kwenye pembe za chumba. Jaribu hayo na spika ulizonazo kabla hujatoa shilingi.

Ukiona bado unataka kupanda daraja, ningekushauri utazame spika ndogo zilizotengenezwa vizuri, kama vile KEF LS50 iliyotoka mwaka 2012, ila uangalie na amplifaya. Spika hiyo hutoa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 tu kwa wati moja katika umbali wa mita moja. Spika ya desibeli 88 hufikia sauti ileile kwa nusu ya nguvu, na amplifaya ndogo ikilazimishwa hadi mwisho huanza kukwaruza, jambo linaloweza kuunguza twita, yaani kile kispika kidogo cha sauti nyembamba. Kwa wati 30 na usikilizaji wa kiasi utatosheka. Kwa mtu anayetaka majirani nao wafaidi, hautatosha.

Kwa sisi tunaoishi karibu na bahari liko jambo moja zaidi ambalo wauzaji hawalitaji. Ukinunua spika iliyotumika, gusa kwa kidole ule ukingo unaozunguka wufa, yaani ile spika kubwa ya besi. Ukiwa wa sponji, uache, kwa maana unyevu na joto la pwani huufanya uchakae mpaka ukamegeka kama mkate mkavu. Wa mpira hudumu zaidi. Tazama pia vishikizo vya waya kama vimeshika kutu.

Zile ndefu zangu nilimpa binamu yangu wa Muheza, ambaye ukumbi wake una urefu wa mita 9. Huko zinaimba hasa, na kila nikienda hunikalisha kiti cha mbele.