Mbwa mwitu yupi sasa? Maswali yenu ya wiki hii

Maswali ni mengi na karibu yote yamezaliwa na jina moja, mbwa mwitu, haya twende.

Kaka, yule mbwa mwitu wa kwenye Biblia aliyevaa ngozi ya kondoo ndo huyuhuyu wa Ruaha?

Hapana bana, hapo Kiswahili kimetuchanganya, jina moja wanyama wawili. Wa kwenye Biblia ni yule wa kijivu, wa Ulaya, Asia na Marekani, babu wa mbwa wako hapo nyumbani. Wa Ruaha ana mabaka meusi, meupe na ya njano, kila mmoja na yake, masikio ya duara kama visahani, alafu mguu wa mbele ana vidole vinne wakati mbwa ana cha tano kile kidogo cha juu. Hata kuzaa na mbwa hawezi.

Kwa hiyo Afrika hatuna ndugu wa karibu wa huyo wa kijivu?

Tunao, tena tulikuwa tunampita tu! Yule tuliyezoea kumuita bweha wa dhahabu, wa Serengeti na Ngorongoro, mwaka 2015 watafiti walipima vinasaba vyake wakakuta kumbe sio ndugu yake yule wa Asia anayefanana nae, yuko karibu zaidi na wa kijivu. Mimi nilishawahi kumuona kule kreta asubuhi, kasimama kwenye majani kainamisha kichwa anasikiliza, kimyaa, mara karuka juu na kutua na miguu ya mbele, panya kwisha. Watalii wote kwenye gari walikuwa bize na simba.

Na Ethiopia yupo mwingine, mwekundu, miguu mirefu, anaishi milimani juu kama kule Bale, anakula fuko na panya. Wamebaki kama 500 tu, na kinachowamaliza sana ni kichaa cha mbwa wanachoambukizwa na mbwa wa wafugaji, yani chanjo ya mbwa wa kijijini ndo inamuokoa mnyama wa porini.

Fisi je?

Sio mbwa. Ukoo wake uko upande wa paka na nguchiro. Najua hamtaniamini.

Nipo Salalah, Oman, wazee wa huku wanasema mlimani kuna dhiibu, yani mbwa mwitu kwa Kiarabu, ni kweli au wanatutisha?

Kweli kabisa, huyo ni wa kijivu wa Uarabuni ila mdogo, kilo 20 hivi, wakati wa Alaska anaweza kupita 50. Masikio makubwa, manyoya mafupi, joto la huko unalijua mwenyewe.

Eti mbwa mwitu wanapiga kura kwa chafya?

Hao ni wale wa mabaka kama wa Ruaha, na hii imechunguzwa Botswana, ikatoka 2017. Kabla ya kwenda kuwinda wanaamka, wanasalimiana, wanaanza kupiga chafya, zikiwa nyingi safari ipo, zikiwa chache wanalala tena. Ila wakubwa ni wakubwa: akianzisha bosi chafya tatu zinatosha, akianzisha mnyonge mpaka zifike kama kumi.